Bwana Tafuna na Kiungulia cha Mama Ashura

Ukienda sokoni Mwanga ukauliza jina langu la kwenye vyeti, watakutazama tu. Uliza Bwana Tafuna, hapo utaletwa mpaka mlangoni kwangu Katubuka, na huenda aliyekuleta akaomba maji ya kunywa kabla hajaondoka. Jina hilo sikujipa. Nilipewa na akina mama wauza samaki, kwa sababu enzi hizo mtu yeyote aliyeingia zahanati akishika kifua na kusema kinaungua, nilivuta kopo la vidonge vya magnesiamu na kumwambia, "Tafuna viwili." Mara nyingine nilisema hivyo kabla hajamaliza salamu.

Nawaandikia ninyi wajukuu zangu mnaoanza kazi kwenye zahanati na maduka ya dawa ya huku kwetu. Jina langu linachekesha, na mimi mwenyewe hulicheka. Lakini nyuma yake yupo mwanamke mmoja, Mama Ashura, ambaye vidonge vyangu nusura vimpeleke kaburini. Nitamfikia. Mzee akisimulia, mwacheni apitie anakopitia.

Nilianza kazi Ilagala, tabibu kijana, koti limenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka kola inasimama yenyewe. Wavuvi wa dagaa kule walikuwa wakitoka ziwani asubuhi na njaa ya kutisha. Ugali wa muhogo, samaki wanaoogelea kwenye mawese, pilipili juu yake, kisha mtu anajitupa mkekani bila hata kunawa vizuri. Ikifika saa nne nina foleni ya wanaume waliojazia mabega, wananikunjia uso kama watoto wanaosubiri kuchomwa sindano. "Daktari, kuna moto hapa."

Mtu yeyote aliyevaa koti jeupe kule alikuwa daktari. Sikuwasahihisha.

Niliwaeleza kwa galoni ya mawese. Ukiijaza galoni mpaka shingoni, kifuniko chake kimelegea, halafu ukailaza, unategemea nini? Tumbo lina tindikali ya kusagia chakula, na kati ya tumbo na njia ya chakula upo mlango wa nyama. Ukila kupita kiasi ukalala papo hapo, mlango unaachia, tindikali inapanda kwenye njia ambayo haikuumbiwa kuistahimili. Ndiyo maana unasikia moto nyuma ya mfupa wa kifua, unapanda kuelekea kooni, na mdomoni kunakuja maji machungu. Wavuvi walielewa galoni haraka kuliko nilivyoelewa mimi mchoro wa chuoni.

Dawa yao ya kwanza haikuwa kwenye kopo. Kula kidogo, rudia baadaye. Ukishiba, kaa, shona nyavu, piga soga, saa mbili au tatu zipite ndipo ulale. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto. Legeza mkanda. Punguza pilipili, kahawa, sigara na ile pombe ya kienyeji ambayo kila mtu aliniapia kwamba hainywi. Wapo waliofuata wakapona bila kumeza chochote. Wengine waliniambia wazi kwamba wakishiba bila kulala wanaona wamekula bure.

Sasa niwape kosa langu dogo kabla ya lile kubwa. Mzee mmoja kiungulia kilikuwa kinamwamsha kila siku. Nikamwambia mito haisaidii, inakunja shingo tu, aweke matofali chini ya miguu ya kitanda ili kiinuke. Wiki ikapita, akarudi macho mekundu, hali mbaya kuliko mwanzo. Nikaenda kwake kuona. Matofali yalikuwepo, yamepangwa kwa ustadi, mawili mawili, upande wa miguuni. Mzee wa watu alikuwa amelala wiki nzima kichwa kikiwa bondeni.

"Ulisema niinue kitanda," aliniambia bila hasira. "Upande hukutaja."

Alikuwa na haki. Nikiwa chuoni nilidhani maelezo yakitoka mdomoni mwangu yameshafika. Tangu hapo kila ninachoagiza nakionyesha kwa mkono, na ninamtaka mgonjwa naye anionyeshe. Upande wa kichwani, jamani. Matofali yanakaa upande wa kichwani.

Zipo na dawa za jikoni. Watu wetu hutafuna muhogo mbichi, hunywa maziwa, hulamba magadi, na wengine huchota majivu ya jikoni na kuyalamba. Msiwacheke. Majivu na magadi hutuliza kwa muda mfupi kwa sababu hupambana na ile tindikali, na ubaya wake ndio huo huo, kwamba hutuliza. Mtu anaendelea kulamba, chumvi yake inapandisha presha, na ugonjwa halisi unakomaa chini kwa chini. Maziwa nayo hupoza, kisha tumbo hutengeneza tindikali zaidi. Mama wajawazito ndio wa kuwahurumia kuliko wote. Mtoto anasukuma tumbo kutoka chini, na homoni zinalegeza ule mlango, mama wa watu anaungua hata kwa uji. Mpe moyo kwamba akijifungua kitaisha, mwambie ale kidogo kidogo, na ule udongo wa kutafuna anaoununua sokoni auache.

Baada ya Ilagala nilihamishiwa mjini, zahanati iliyokuwa juu ya kilima kati ya mwalo, wanakoshushia samaki, na soko. Zahanati yenyewe mnaijua wengi wenu, nami sitaitaja.

Siku hizo bodaboda hazikuwepo. Migebuka, samaki wa ziwa letu, ikishashushwa mwaloni, akina mama waliipakia kwenye mabeseni, wakaweka ngata kichwani na kupanda kilima kwa miguu kwenda kuiuza Mwanga. Katikati ya kilima, chini kidogo ya zahanati, lipo jiwe kubwa lililo usawa wa kifua cha mtu. Lilipendwa kwa sababu mwanamke aliweza kusogeza beseni kutoka kichwani hadi juu ya jiwe bila kusaidiwa, na baadaye akajitwisha tena bila kusaidiwa. Kwa hiyo kila aliyepanda alitua pale. Ilikuwa desturi. Kupita jiweni bila kutua ilionekana ni majivuno, kana kwamba wewe una shingo kuliko wenzio. Hapo ndipo habari zote za mji zilipopatikana: nani kaolewa, nani kahama, boti ya nani imezimika.

Kutoka mezani kwangu, kupitia dirishani, niliona vichwa na mabeseni tu. Nilisikia vicheko, nikavipenda.

Mama Ashura alikuwa mmoja wao, mwanamke wa Ujiji, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuuza. Aliingia kwangu kwa mara ya kwanza akijipepea na pindo la kitenge.

"Daktari, kiungulia kimenishika hapo njiani."

"Tafuna viwili."

Akatafuna, akakaa kwenye benchi la nje ya mlango kwa dakika kumi, akasimama akiwa mzima. "Wallahi daktari, mkono wako una baraka." Kesho yake akaniletea mgebuka uliobanikwa. Nikaula wote, na mifupa nikaimung'unya.

Ikawa mazoea. Wiki hii mara moja, wiki ijayo mara mbili. Kiungulia kimenishika, tafuna viwili, benchi, ahsante daktari. Sifa zikasambaa sokoni. Hapo ndipo jina la Bwana Tafuna lilipozaliwa, nami nikatembea Mwanga kifua mbele.

Sasa nimtaje mwalimu wangu. Zahanati ile alikuwepo mhudumu, Mama Domitila, Mha wa kutoka vijiji vya milimani, mkubwa kwangu kwa umri kama wa mama yangu mdogo. Cheti hakuwa nacho. Alifagia, alichemsha vyombo, alipima watu uzito. Mizani yake ilikuwa mlangoni karibu na benchi, na pale ndipo alipokaa kutwa. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kiha, polepole na kukanyaga kila neno. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kisha ananiongezea ya kwao, "Mwakeye." Heshima yangu kwake iliishia hapo.

Siku moja alisimama mbele ya meza yangu na ndoo mkononi.

"Daktari, yule Mama Ashura."

"Ana nini?"

"Wenzie wakifika pale jiweni, wanatua beseni kwanza, ndiyo wanaanza kuongea. Yeye anafika anasimama tu, beseni liko kichwani. Haongei. Mkono ameufanya hivi." Akakunja ngumi akaiweka katikati ya kifua. "Akimaliza hapo ndiyo anatua."

"Kiungulia hicho, mama. Nimeshamtibu."

"Kwa kiungulia, mkono unapanda." Akaonyesha, kiganja kikitambaa kutoka tumboni kuelekea kooni. "Chake kimekaa palepale."

Wajukuu zangu, jibu nililompa nalikumbuka neno kwa neno, na nalisema hapa mbele yenu ili lisije likatoka midomoni mwenu. Nilimwambia, "Mama Domitila, wewe pima uzito. Ugonjwa niachie mimi."

Akasema, "Sawa, daktari," akaondoka na ndoo yake.

Miezi ikapita. Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mama Ashura bado alikuwa anapanda kilima, maana futari hainunuliwi kwa maneno. Nilimwona mara kadhaa benchini, kimya, nikadhani amepumzika kwa ajili ya funga. Hakuomba vidonge, nami nikafurahi kwamba kiungulia kimeisha. Si tumbo halina kitu mchana kutwa?

Ndipo ikaja ile asubuhi. Ilikuwa mapema, upepo wa ziwani bado wa baridi. Nilisikia vicheko vya jiweni vimekatika ghafla. Wakaingia akina mama wawili wamemshika Mama Ashura huku na huku, na nyuma yao Bi Hawa, mkubwa wao, amebeba mabeseni mawili, moja juu ya jingine. Mama Ashura alikuwa na jasho la mtu aliyetoka kuoga. Uso umepauka. Wakamkalisha benchini.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kopo.

"Si vidonge, daktari," alisema kwa shida. "Nimefunga, siwezi kutafuna. Nimekuja kukaa tu. Tangu mfungo uanze sijatafuna hata kimoja. Nikikaa hapa kwenye benchi lako kinaondoka chenyewe." Akavuta pumzi. "Leo hakiondoki."

Nilisimama na kopo mkononi. Sijui nilisimama muda gani, labda ni kufumba na kufumbua, lakini mambo mengi yalipita. Kwamba kwa mwezi mzima amekuwa akipona bila kidonge. Kwamba kilichokuwa kinamponya siku zote ni kukaa. Sifa zote zilizonipa jina mjini zilikuwa za benchi. Moyo wake ulikuwa unakosa damu ya kutosha kila alipopanda kilima na mzigo, ukapata nafuu kila alipopumzika, na mimi nikaweka vidonge viwili katikati na kuchukua heshima.

Mama Domitila alikuwa ameshasimama kati yangu na kabati.

"Muulize sasa," alisema.

"Nimuulize nini, mama?" Nawaapia niliuliza kama mwanafunzi.

"Kinamjia akila, au akipanda?"

Nikapiga magoti mbele ya benchi. "Mama Ashura, siku zote hizo, hiki kitu kilikuja ukishakula, ukiinama, ukilala?"

"Hapana. Kwenye kilima tu. Nikifika jiweni."

"Nionyeshe kwa mkono kilipo."

Akakunja ngumi akaiweka katikati ya kifua, kama Mama Domitila alivyonionyesha. Kisha akaupapasa mkono wa kushoto hadi kiwiko. "Na huku kunakufa ganzi. Na hapa kwenye taya."

Nilimuuliza kama ana vidonda vya tumbo au kama aspirini imewahi kumdhuru, akakataa. Nikatoa kidonge cha aspirini nikamwambia atafune. Akageuza uso. "Nimefunga, daktari." Nikamsihi, akatikisa kichwa. Pale nilijiona sina thamani. Mwaka mzima alitafuna kila nilichompa bila kuuliza, na siku ya kitu cha maana ananikatalia, na mimi si wa dini yake hata nimshauri.

Bi Hawa aliweka mabeseni chini. Akamshika kidevu kama mtoto. "Ashura, unanisikia? Mgonjwa ana ruhusa. Utalipa siku hii ukipona. Ukifa leo utailipa lini?"

Akafungua mdomo. Akatafuna.

Tajiri mmoja wa samaki alikuwa anapakia pikapu mwaloni. Mama Domitila, mtu mzima yule, alishuka kilima mbio akiwa peku, akaileta ile pikapu na barafu yake bado nyuma. Tulimkalisha Mama Ashura mbele, mgongo umeegemezwa, mimi nimebanwa mlangoni nashika mshipa wa mkono wake njia nzima hadi hospitali. Nilisali. Nilimuahidi Mungu mambo ambayo mengine sijayatimiza hadi leo.

Hospitali walimpokea haraka. Daktari mkubwa akanitoa nje ya wodi akaniuliza alikuwa anatumia dawa gani. Nikasema magnesiamu. Akaniuliza kwa muda gani. Nikasema. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na ningependa sana angenigombeza.

Mama Ashura alipona. Mshipa wa moyo ulikuwa umebana, na asubuhi ile ulikuwa unaelekea kuziba kabisa. Alitoka na dawa za kumeza kila siku maisha yake yote, na amri ya kutobeba tena beseni kilimani. Akafungua kibanda sokoni, akawa analetewa samaki. Sauti yake ya kuuza ikarudi, nami nikikatiza Mwanga na kuisikia, nilisimama kidogo niisikilize.

Mara moja tu nilienda kumwomba radhi. Nikamweleza yote bila kujificha. Alisikiliza huku anapanga migebuka, kisha akasema, "Sasa daktari, kama ungekuwa hujui kitu kabisa ningekaa kwenye benchi la nani?" Akanifungia samaki wawili. Nilikataa kuwachukua, akakasirika, nikawachukua.

Kwa Mama Domitila ilikuwa kazi ngumu zaidi. Nilimfuata kwenye mizani yake jioni tukifunga, nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa lile neno."

"Neno gani? Mimi napima uzito tu," akajibu. Kisha akacheka, cheko la kunihurumia, akasogea benchini nipate nafasi. Sikukaa. Nilikuwa na haraka, au nilikuwa na aibu. Nikamuuliza nikiwa nimesimama, aliyajuaje yale.

Akaniambia mumewe alikuwa mbebaji wa madebe ya mawese kule kwao milimani. Mwanaume wa nguvu. Akipanda alishika kifua, akasema ni kiungulia, ni mawese ya mchana. Kila akifika nyumbani alilamba majivu, akakaa, akapoa. Naye mkewe ndiye aliyekuwa akimchotea. Siku ya mwisho alikaa karibu na mafiga na hakupoa. "Alikufa majivu yako mdomoni, daktari. Nilimfuta na kitenge. Nimekaa miaka naangalia mikono ya watu."

Hakuna chuo kilichonipa somo kama lile, na hakuna mwalimu niliyemkosea adabu kama yule. Namshukuru kila siku ya Mungu. Nawaambia wazi kwamba heshima yoyote mnayonipa mjini hapa, nusu yake ni ya yule mama, na nusu nyingine ni ya benchi.

Kwa hiyo shikeni haya. Kiungulia huja na chakula, kuinama na kulala, na mkono wa mgonjwa hupanda. Maumivu ya moyo mara nyingi huja na kilima, mzigo na hasira, mkono hukaa palepale, na hupoa mtu akipumzika. Siku yakigoma kupoa, yakija na jasho, pumzi fupi, kichefuchefu, au kwenda begani, tayani na mkononi, usitafute kopo, tafuta gari. Wanawake na wenye kisukari huweza wasione hata maumivu, wakachoka tu na kutokwa jasho, kwa hiyo usisubiri mpaka dalili zikae foleni. Na msije mkasema dawa ya tumbo ilimtuliza kwa hiyo ni tumbo. Mimi nilisema hivyo mwaka mzima.

Halafu muulizeni na anachomeza kwa siri. Siku hizi kila mbeba mizigo ana vidonge vya kukata maumivu ya mgongo mfukoni, diklofenaki ya rangirangi, anaimeza bila chakula, tumbo linachimbika. Muulizeni kama choo chake ni cheusi kama lami, kama anatapika damu, kama chakula kinakwama akimeza, kama nguo zinampwaya. Huyo naye si wa kutafuna viwili, ni wa hospitali. Sasa mna omeprazo, dawa nzuri, inamezwa kabla ya chakula na wala si baada. Sisi hatukuwa nayo. Lakini nayo naona mnaigawa kwa dirisha dogo bila kuinua macho. Akina Bwana Tafuna hawajaisha, wamebadilisha kopo.

Baada ya Mama Ashura kupona, Mama Domitila alishuka mwenyewe hadi jiweni akawafundisha wale akina mama kitu kimoja. Mwenzio akisimama pale bila kuongea, muulize, "Umekaa au umekalishwa?" Yaani umepumzika kwa hiari yako, au kuna kitu ndani kimekusimamisha? Swali likakamata. Mama Domitila alishafariki, tumemzika kwao milimani, lakini swali lake lipo. Siku hizi hata vijana wa bodaboda wanautania nalo mji mzima. Mtu akichelewa kijiweni, "Vipi mwana, umekaa au umekalishwa?" Hawajui limetoka wapi.

Juzi hapa, baada ya mvua, nilishuka mwaloni kununua migebuka. Mchana wake nilikuwa nimekula vizuri kuliko umri wangu, mawese mengi, nikajilaza, nikaamka na kushuka. Wakati wa kupanda, nilipofika jiweni, kifua kikaniwaka. Nikaegemea. Nikajiambia moyoni, ni kiungulia tu, nitafika nyumbani nitatafuna viwili.

"Umekaa au umekalishwa?"

Niligeuka. Ni Mama Ashura, mzee sasa, na fimbo yake, anatoka kumwona mjukuu.

"Nimekaa tu, mama. Kiungulia."

"Na mimi nilikuwa nasema hivyo," akasema, na akanishika mkono. Mwanamke yule akikushika mkono unakwenda.

Zahanati yupo tabibu mpya, binti mdogo, ana miwani. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nipe vya kutafuna niende zangu."

"Shikamoo babu. Nionyeshe kwanza kwa mkono."

"Mimi ndiye Bwana Tafuna."

"Nakujua babu. Naomba unionyeshe."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kiganja changu kikatambaa kutoka tumboni hadi kooni. Akaniuliza nimekula nini na nimelala saa ngapi, kama kilima bila kula kinanipa shida, jasho, taya, choo, vidonge vya mgongo. Hakuacha kitu. Akapima presha. Mwisho akasema ni kiungulia kweli, lakini kwa umri wangu niende hospitali kesho wakaupime moyo, ili tuwe na hakika. Nilienda. Moyo mzima, alhamdulillahi kama anavyosema Mama Ashura. Kisha binti akanipa vidonge, akajitahidi asicheke, akashindwa. "Babu, tafuna viwili."

Mama Ashura alikuwa ananisubiri nje. "Amekuuliza kwanza?"

"Ameniuliza mpaka nimechoka."

"Basi kaa kidogo kipoe." Akasogea.

Nikakaa. Miaka yote ile ya kazi sikuwahi kukaa kwenye benchi lile. Mbele yetu, chini ya kilima, wanawake wawili walikuwa wanatua mabeseni juu ya jiwe, na kutoka pale nilipokaa niliwaona wazima, si vichwa tu kama nilivyozoea mezani, na mikono yao yote minne.